Uyoga Katika Tumbo la Kioo

2 Machi

Mwanangu Mama Maswali,

Marahaba kwa salamu zako za simu. Zilinifikia kupitia kwa baba yako, ambaye kama unavyomjua husema "anakusalimu" kisha huyo, kaondoka, hata nisijue umesema nini kingine. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Simu ya hapa nyumbani ni moja na mwenyewe ni yeye, na kuongea wakati mtu amesimama pembeni anangoja simu yake ni sawa na kuoga mlango ukiwa wazi.

Sisi tupo. Upepo ulifunua kona ya bati kwenye banda langu la uyoga, nikalikandamiza kwa tofali. Paka wa jirani amezalia ndani ya kreti yangu ya mifuko mitupu, na ukiwaona jinsi wanavyoniangalia nikiingia utadhani mimi ndiye mpangaji. Miguu yangu inalalamika asubuhi, ikifika saa sita imeshasahau. Baba yako hajambo. Karakana ipo.

Sasa nililotaka kukwambia. Ule uyoga wangu mgumu, ule wa kama soli ya kiatu, watu wameanza kuuchukua kwa wingi. Wanauchemsha na kunywa maji yake. Mimi nauza tu, sijamwambia mtu kwamba unaponya kitu. Lakini nina mteja mmoja mbishi, mtu mzima. Hunywa amesimama, kikombe mkono mmoja, mkono mwingine kiunoni, na kila anaponywa ananiuliza, "Hii ikishaingia huko ndani inafanya nini hasa? Tumbo linaijua?" Nikamwambia nina mtoto wa kaka yangu ambaye kazi yake ni kumeng'enya vitu ndani ya chupa.

Nimekuwekea kopo la unga wa uyoga wenyewe ndani ya kifurushi hiki. Upitishe kwenye hilo tumbo lako la kioo, uniambie linaufanyia nini. Na ule vizuri huko. Mara ya mwisho tulipoongea, sauti yako kwenye simu ilikuwa imekonda.

Shangazi yako

19 Machi

Shikamoo Shangazi,

Kifurushi kimefika salama, na kopo limenukisha chumba chote harufu ya banda lako. Nilipolifungua nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu. Mwenzangu wa chumba aliuliza kama nimepokea maua.

Mimi mzima. Huku kuna baridi ya asubuhi ambayo koti langu halijaizoea. Maabara yetu iko ghorofa ya chini, haina madirisha, na mwalimu wangu ni mama mmoja mfupi ambaye akifurahi husema "hm", na akikasirika husema "hm" hiyohiyo. Bado najifunza kutofautisha.

Wewe unaliita tumbo la kioo, nami nimelipenda jina hilo. Ni chupa zilizopangwa kwenye maji yenye joto la mwili. Ya kwanza ni mdomo: tunatia mate ya kutengeneza. Inayofuata ni tumbo, lenye asidi kali na kimeng'enya cha kuvunja nyama. Halafu utumbo mwembamba, wenye nyongo na vimeng'enya vingine. Kila hatua tunachota kidogo na kupima. Tunachokitafuta kwenye uyoga wako ni sukari zake ndefu. Usifikirie sukari ya chai, Shangazi. Hizi ni sukari ndogondogo nyingi zilizoshikana kama pete za mnyororo, na hazina utamu wowote. Watu wanaosifia uyoga wa dawa husifia hizo. Swali ni lako na la mteja wako: zikiingia ndani, nani anazikata, na wapi?

Basi, sikiliza kituko. Uyoga wako ulianza kukatika mdomoni! Nilipoona namba zile nilikimbia kumwita mwalimu. Akatazama, akasema "hm", akachukua tone la iodini akalitia kwenye unga wako. Ukageuka buluu kama wino.

Iodini ikigeuka buluu maana yake kuna wanga. Uyoga hauna wanga, Shangazi. Mate yalikuwa yanakata unga wa mchele au wa mahindi, uyoga wenyewe hayakuugusa. Kwenye kopo lile kuna unga wa jikoni, tena si kidogo. Umeingiaje?

Na jambo lingine. Nimempigia Baba mara kadhaa mwezi huu. Zamani ilikuwa lazima apige kelele ili nimsikie, kwa sababu ya mashine ya kusaga vyuma pale karakanani. Sasa anaongea taratibu na nyuma yake kimya. Nikimuuliza anasema, "Leo tumepumzika." Kila siku mnapumzika? Umeandika kwamba karakana ipo. Mlima nao upo, lakini haufanyi kazi.

Mtoto wako

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na mambo.

Paka wamehama, wamekwenda kuzidishia wengine raha. Bati limepata misumari. Mwalimu wa nyumba ya pili amestaafu na sasa anatufundisha sisi majirani, anatusahihisha hata tunavyofagia. Nimeotesha mifuko mipya, ile ya maranda ya mbao laini, na uyoga umetoka mzuri, mgongo unang'aa kama umepakwa vanishi.

Kuhusu unga: labda ulidondokea humo. Jikoni ni jikoni. Nakutumia mwingine, safi, huu nimesaga mwenyewe na kufunga papo hapo.

Mteja wangu bado anakunywa. Kusema kweli ndicho kitu pekee anachokubali kunywa bila kugombana. Nina swali lake. Aliwahi kufanyiwa upasuaji, akakatwa sehemu ya tumbo, sehemu kubwa. Sasa anasema hakuna haja ya kula, eti kumwekea chakula mtu asiye na tumbo ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka. Huo uyoga, kwa mtu wa namna hiyo, unapita tu? Au kuna kitu kinabaki? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Baba yako anakusalimu.

Shangazi yako

11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo sitaanza na hali ya hewa.

Nimeisoma barua yako nimekaa kwenye ngazi za maabara, nikairudia, halafu nikaitafuta ile ya Machi. Mteja wako ni mbishi. Anakunywa amesimama, mkono kiunoni. Namjua mtu mmoja tu duniani aliyekula kila mlo wa maisha yake akiwa amesimama kando ya meza ya kazi, kwa sababu kukaa, alisema, ni kwa wageni na wagonjwa. Na unga haukudondokea popote. Uliutia wewe, kwa makusudi, ili mtu asiyekubali kula ameze chakula bila kujua. Ulinipimia kopo kutoka kwenye kopo lake.

Mteja wako ni baba yangu.

Nilikasirika, sitaficha. Nilipanga nguo kwenye mkoba. Mwalimu akanikuta naosha chupa ambazo zilikuwa safi tayari. Akauliza, "Kuna nini?" Nikamweleza. Hakusema "hm". Alivuta kiti akakaa, akaniambia, "Ukienda leo utafika na machozi. Maliza hatua hii, uende na jibu. Ukiona huwezi, nenda, mimi nitakulindia nafasi yako." Nimechagua kubaki kidogo, lakini kwa sharti: barua hii umsomee yeye, yote, kwa sauti. Sitaki tena kuongea na mteja.

Baba, shikamoo.

Uyoga safi wa Shangazi tumeupitisha. Mate hayakuufanya kitu. Tumboni, kwenye asidi inayoweza kuchubua rangi ya geti, ile minyororo ililegea kidogo tu pembeni. Utumbo mwembamba, hivyo hivyo. Iliingia mirefu na ikatoka mirefu. Maana yake, Baba, hata mtu mwenye tumbo zima, tumbo lake haliumeng'enyi uyoga huu. Sehemu uliyokatwa haikuwa na kazi nao.

Tuache uyoga sasa, tuzungumze chakula. Tumbo hupokea, huhifadhi, huchanganya na kuanzisha kazi. Kazi yenyewe kubwa, ya kuvunja mkate na nyama na maharage na kuvifanya damu na nguvu, hufanyika chini yake, kwenye utumbo mwembamba, na huo, kwa jinsi Shangazi alivyoandika, hawakuukata. Muulize daktari wako, usiniamini mimi tu. Ndoo haijatoboka. Imekuwa ndogo. Ndoo ndogo hujazwa mara nyingi.

Na tafadhali, mchuzi wa uyoga si dawa ya ugonjwa wako. Mimi ninaupima na sijui unaponya nini. Kama ulipewa sindano au vidonge, usiviache kwa ajili ya kikombe hicho. Muulize daktari pia kama unakufaa.

Imebaki hatua ya mwisho, utumbo mpana. Hapo hatutumii kemikali za dukani. Tunahitaji vijidudu halisi vinavyoishi humo, na vinapatikana sehemu moja tu. Kuna watu wazima wenye afya njema wamejitolea kutuletea kinyesi chao asubuhi, kwenye vikopo vyenye vifuniko, na mimi ndiye ninayevipokea mlangoni na kusema asante. Miaka yote hii ya shule, Baba.

Nijibuni upesi.

Mtoto wenu

3 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Nimeisoma barua yako kwa sauti kama ulivyoagiza. Ngoja nikueleze mwanzo ndipo uelewe.

Uvimbe ulionekana Januari, siku chache baada ya wewe kurudi masomoni. Wakamfanyia upasuaji. Daktari alisema wameutoa wote na kingo zilikuwa safi, na kwamba aliyebaki na kazi sasa ni mgonjwa mwenyewe: ale. Lakini kabla hatujatoka wodini baba yako alinishika mkono akasema, "Akijua ataacha shule. Niahidi." Nikaahidi. Hukuniona nilivyokuwa nikiandika "Karakana ipo". Nilifuta mara nyingi hadi karatasi ikatoboka.

Basi akarudi nyumbani, na chakula hakitaki. Kijiko kimoja, sahani anaisukuma. Suruali zake anazifunga kwa kamba. Watu walikuja kumtazama, akawatoroka kwa mlango wa nyuma. Mchuzi wa uyoga aliukubali kwa kuwa si chakula, ni "maji machungu ya dada". Ndipo nikaanza kutia unga wa mchele. Kumbe nilikuwa napeleka ushahidi wangu maabara kwa mikono yangu mwenyewe!

Nilimsomea karakanani, amekaa juu ya mtungi mtupu wa gesi. Ndiyo, amekaa. Ulipoandika "mteja wako ni baba yangu", aliangalia sakafu. Nikaendelea. Nilipofika kwenye ndoo, akanyoosha kidole.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kwa hiyo hata mwenye tumbo zima, kazi yenyewe iko chini?"

"Ndivyo anavyosema mwanao."

Akafikiri. Akasema, "Kumbe tumbo ni geti. Wamenipunguzia geti tu, nyumba bado ipo."

"Nyumba ipo, kaka."

Nikaendelea hadi kwenye watu waliojitolea. Akanikatiza. "Wanajitolea nini?" Nikamwonyesha neno. Akalisoma mwenyewe. Mwanangu, baba yako alicheka! Alicheka huku ameshika mshono kwa mikono miwili, anasema, "Aa, inauma, aa, na yeye anawaambia asante!" Machozi yanamtoka. Jirani mwalimu akachungulia ukutani kuona kuna nini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana.

Alipotulia akasema nimletee mkate. Nikaleta na yai. Akala. Akataka na chai, akatia sukari kama enzi zake, akamaliza yote. Nami kwa furaha sikumzuia. Haukupita muda jasho likamtoka, moyo unamwenda mbio, dunia inamzunguka, tukamlaza pale pale kwenye turubai. Nikajua nimemuua kaka yangu kwa yai.

Kliniki walituambia ni kawaida kwa aliyekatwa tumbo, akila kingi kwa pamoja, tena na sukari. Muuguzi, binti mwembamba mwenye sauti ya kamanda, alimwambia, "Mzee, kidogo kidogo, mara nyingi, na kaa chini unapokula." Baba yako akajibu, "Mimi nakula nimesimama." Binti akasema, "Basi utaanguka umesimama." Nilitamani kumkumbatia yule binti.

Daktari ameruhusu kikombe kidogo cha uyoga, kichujwe vizuri, na baada ya chakula, kisichukue nafasi yake. Sindano ya vitamini anachomwa. Alikuwa ameruka miadi, hilo nalo sikujua hadi siku ile.

Sasa nikuulize na mimi la kwangu. Uyoga wangu unaingia na kutoka hivyo hivyo, kama mgeni asiyevua viatu? Miaka yote ninayoulea? Niambie ukweli, nitauvumilia.

Shangazi yako

28 Juni

Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba (maana najua unasikiliza),

Barua yenu niliisoma nikicheka, nilipofika kwenye turubai nikaacha kucheka, nilipofika kwa muuguzi nikaanza tena. Mpeni salamu zangu.

Shangazi, mgeni wako amevua viatu.

Hatua ya mwisho imekamilika. Tuliweka minyororo ile, mizima kama ilivyotoka kwenye utumbo mwembamba, ndani ya chupa zisizo na hewa pamoja na vijidudu vya wale wafadhili wetu wa vikopo. Mwanzoni kimya. Nilidhani nimeharibu kitu. Halafu chupa zikaanza kutoa gesi, na kila nilipochota niliona minyororo imefupika. Vijidudu vilikuwa vinaikata, pete baada ya pete. Vinapokula hutoa asidi fulani ndogo, laini, ambazo ukuta wa utumbo mpana huzitumia kama chakula chake. Kile ambacho mate, asidi na nyongo vimeshindwa kukivunja, kimevunjwa na viumbe tusivyoviona. Kwa hiyo uyoga wako hauondoki bure. Unafika mbali kuliko nilivyotegemea, na kuna wanaoungoja huko.

Nisiseme zaidi ya nilichokiona. Hii ni chupa, mtu ana mambo mengi kuliko chupa. Vijidudu vya mfadhili mmoja vilifanya kazi haraka, vya mwingine vikajikokota, na sijui bado ni kwa nini. Mwalimu ametazama michoro yangu yote akasema "hm", na safari hii nimeitambua: ilikuwa ya kufurahi. Ameniambia nijiandae kuieleza mbele ya watu. Pia ametia saini likizo yangu. Nikimaliza kuwasilisha, napanda basi.

Kuna jambo sikuwaambia. Zile wiki ambazo Shangazi hakuandika, nilikuwa nimeanza kufikiria kuacha. Kila jaribio linaharibika, kila mtu humu anajua kuliko mimi, na nyumbani hakuna anayenijibu. Nilidhani mmenichoka. Baba, uliogopa nikijua nitaacha shule. Nilikaribia kuiacha kwa sababu ya kutokujua. Msinifiche tena. Nikilia nitalia, halafu nitarudi kwenye chupa zangu.

Je, Baba anaongezeka mwili? Jibu la kweli, si la mteja.

Mtoto wenu

20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Tumesikia kwenye simu kwamba umewasilisha na watu wamekupigia makofi. Baba yako alitangaza mtaa mzima kwamba binti yake amewashinda maprofesa katika mambo ya choo. Nilijaribu kumsahihisha nikachoka.

Jibu la kweli: anaongezeka, polepole. Kamba ya suruali amerudisha kwenye mzigo, anatumia mkanda, ingawa ametoboa matundu mapya kwa msumari. Kuna siku mbaya. Juzi alitapika akakataa chakula hadi jioni, nikaona uso ule wa Februari unarudi. Kesho yake akanywa uji tena bila kuambiwa. Vipimo vya mwezi huu daktari amevisoma akasema havina doa, turudi baada ya muda. Karakana inafunguliwa asubuhi na kufungwa mchana, mizigo mizito anabebewa, na mashine inapiga kelele kama zamani. Mwalimu mstaafu ameshalalamika.

Banda langu limejaa. Nikiwachujia watu uyoga sasa nawaambia ukweli wote, kwamba tumbo lao haliujui lakini huko chini una wenyewe. Wengine wanashangaa, wengine wanacheka, mmoja alirudisha kikombe. Nimemwacha aende.

Kitanda chako nimekitandika. Baba yako ameomba nafasi chini ya karatasi hii. Nampa, lakini nimemwambia asiandike ubishi.

Shangazi yako

Binti yangu,

Shangazi yako amesimama nyuma yangu anasoma kila neno, kwa hiyo nitaandika kidogo.

Nilikuficha nikidhani nakulinda. Sitarudia. Nilipokuwa mgonjwa chakula kilikuwa kazi kama kazi nyingine. Saa ikifika nakula kwa sababu yule binti wa kliniki amesema, na kwa sababu wewe umesema. Ladha sikuisikia, hamu sikuwa nayo. Sikulalamika, nilijua ndiyo yatakuwa maisha yangu.

Jana asubuhi nilikuwa nachomelea bawaba. Katikati ya kazi nikazima mashine, nikavua miwani, nikaenda jikoni. Shangazi yako akaruka, akadhani naumwa. Akauliza, "Kaka, nini tena?"

Nikamwambia, "Nina njaa."

Akakaa chini kwenye sakafu, akalia. Mimi nikajipakulia mwenyewe.

Baba